Dakika ya Arobaini na Moja

Katoni imeshuka leo na boti ya asubuhi kutoka Goma,
diski mia moja na ishirini, nailoni haijatobolewa,
jaladani maji ya buluu ambayo Kivu haijawahi kuyavaa
na herufi za dhahabu: *Subira ya Pili, Safari ya Kurudi*.
Subira ya Kwanza hakuna aliyewahi kuiona.

Nauza dola tatu. Ukikosa, mbili na maneno matamu.
Kibanda changu kiko Kadutu, kati ya mama wa sambaza
na kijana anayechaji simu kwa betri ya gari.
Televisheni ya inchi kumi na nne, kijani kimezidi kidogo,
na umeme tunamwita mgeni: akifika tunampa kiti.

Kwenye kasha lugha ni tatu: Kifaransa, Kiingereza, Kijerumani.
Kiswahili hakuna. Mashi usiulize.
Basi natafsiri mimi, nimesimama kando ya kioo
na kijiti cha mshikaki mkononi:
Hapa anasema kina ni mita tisini na tatu.
Hapa anasema chini huko hakuna hewa, hata ya kuozesha kamba.
Hapa anasema meli imehifadhika vizuri sana.

Hiyo ya mwisho niliitafsiri mara moja.
Siku ya pili niliikohoa.

Hawaji kwa filamu. Kila mtu anakuja na dakika yake.
Nabintu, ya kumi na tisa: cherehani ubavuni mwa pipa.
“Simamisha.” Nasimamisha.
Kitambaa kile chekundu kwenye gurudumu alikifunga yeye,
dada yake asije akabadilishiwa mzigo njiani.
Zihalirwa, ya thelathini na tatu: ngazi.
Ngazi tupu, samaki hata mmoja hapiti.
Anaitazama, analipa franka mia tano, kesho anarudi.

Na binti mmoja, Cishugi, hataki sinema.
Anataka diski ya pili, ile ya vipande vilivyokatwa.
“Walivyovikata,” ananiuliza, “waliviweka wapi vingine?”

Lugha yetu ina ubahili wake, neno moja kwa watu wawili.
Mzamiaji ni huyu wa chupa mgongoni,
taa kwenye paji la uso, bima mfukoni.
Mzamiaji ni yule naye aliyeruka ubao
meli ikishaachia kamba, hana tiketi, hana mstari.
Wa kwanza majina yao yanapanda mwishoni, meupe, na kinanda:
mpishi wao yumo, dereva wao yumo,
hata aliyewakodishia jenereta yumo.

Dakika ya arobaini na moja mimi huiruka.
Nasema diski ina mkwaruzo.

Ni chumba cha nahodha. Meza bado imesimama.
Juu yake daftari la jalada gumu, limefunguka,
na wino, Mungu wangu, wino haukutoka.
Taa inateremka pole pole, jina kwa jina,
hadi la themanini, na chini yake
mstari umepigwa kwa rula.

Themanini ndivyo kibali kilivyosema.
Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, rula yangu mpya.
Nikapiga mstari, nikamkabidhi nahodha daftari,
nikashuka kwenda kula maharage,
na nyuma yangu ubao uliendelea kulia
kwa miguu ambayo sikugeuka kuihesabu.

Jana jioni Cishugi alirudi na diski yake.
“Yangu haina mkwaruzo,” alisema.
Hakupaza sauti. Alikuwa anasoma kibao changu,
nilichokiandika mwenyewe kwa rangi ya mlango:
*Tunagandisha picha bure.*
Kidole chake kikafuata mkia wa ile g,
mrefu, uliopinda kushoto, tangu shule ya msingi nakemewa nao.

Mgeni wetu akaondoka bila kuaga.
Kioo kikabaki na nukta moja, kisha bila nukta.
Gizani nikasikia anavuta kiti, anakaa.

“Mama yangu,” akasema, “alikuwa wa themanini na ngapi?”