Shati la Kwanza

Baba alichimba shimo la nguzo ya kati
kabla hatujajua mlango utaelekea wapi.
Udongo wa Kakao ni mwekundu, unanata,
jembe likizama hutoka na sauti ya busu.
Usiku mvua ikajaza shimo. Asubuhi tukayachota maji kwa sufuria,
mimi na kaka yangu Tchia.
Usiku likajaa tena.

Kwetu Wahmong nyumba haianzi na msingi.
Huanza na kondo.
La mtoto wa kiume huzikwa chini ya nguzo,
la wa kike chini ya kitanda cha mamake.
Ndilo shati la kwanza alilovaa mtu,
na akifa, roho hurudi nyuma nyumba kwa nyumba,
ikibisha hodi kila ilipowahi kulala,
mpaka ilifikie, ilivae,
ndipo iende kwa waliotangulia.

Bibi akaketi juu ya fungu la mabati, akahesabu.
Shati la Tchia liko Laosi, mlimani,
chini ya nguzo iliyokwisha kuwa majivu.
Langu mimi
(hapo alinitazama kama mtu aliyevunja sahani ya jirani)
langu lilitiwa kwenye ndoo ya bati, kambini,
nesi akatoka nayo kwa mlango wa nyuma.
Nilikuwa na miaka saba. Tangu siku ile,
nikiona ndoo, naichungulia.

Mama alikuwa mja mzito. Baba akaenda Kayeni
kwa lori la mboga, kumwuliza daktari
kama hospitali humrudishia mtu kilicho chake.
Kifaransa chake kilikuwa maneno arobaini,
kondo halikuwamo.
Alijipapasa tumbo, akachora shimo hewani, akachora nguzo.
Daktari akampa dawa ya minyoo.

Mtoto hakungoja.
Alikuja siku ya kupaua, paa likiwa upande mmoja tu.
Bwana Siong na wanawe wawili walinaswa juu ya kenchi,
hawawezi kushuka, hawawezi kutazama,
wakageuzia nyuso zao msituni, misumari mdomoni.
Mvua ikanyesha upande usio na bati.

"Nguzo?" Baba aliuliza kutoka nje.
"Kitanda," Bibi akajibu.

Kitanda hakikuwapo. Wala chumba.
Ramani ilichorwa kwa mkaa nyuma ya kalenda,
na chumba chao kilikuwa upande wa mto,
si hapa karibu na jiko, alipoangukia mtoto.
Bibi hakusogea. Alichimba kwa panga palepale,
akalilaza, upande laini ukitazama juu,
akafukia, akakanyaga mara tatu,
akasema: "Leteni ukuta."

Wakauleta. Hatua mbili na nusu.
Dirisha likaishia kutazama tangi la maji,
na mpaka leo mgeni akiingia huuliza
kama fundi alikuwa amelewa.
Tunasema ndiyo.

Na lile shimo? Baba alisimamisha gogo la wapa
juu ya maji matupu, akashindilia mawe
huku macho yake yakiwa kwingine.
Ni nguzo imara. Mchwa waliionja, wakaiacha.

Bibi alipofariki, mwimbaji alizitaja nyumba zake
kinyumenyume, taratibu, asije akapotea:
ya Kakao kwanza, yenye chumba kilichopinda;
kisha ghorofa ya Ufaransa, miezi mitano, bomba likiganda;
kisha mto, ambao haukuwa nyumba, 

la, nimekosea, kambi kwanza, kibanda namba tisa,
ndipo mto, ambao haukuwa nyumba
lakini tulilala ndani yake usiku kucha.

Alipoitaja kambi niliinama sikioni mwake.
Bibi, nikasema, ukipita hapo
angalia mlango wa nyuma.
Kuna ndoo.