Hatua Mia Mbili na Sita

Tarehe nimeisahau. Vumbi silisahau.
Vumbi jekundu la Elisabethville
lililopanda soksi za Zimbuli hadi magotini,
na mama yake, Sinyora Rejina, akizifua
huku akinung'unika kwa Kihispania cha mababu,
lugha iliyovuka bahari hadi Rodo,
kisha ikavuka tena, imekunjwa kati ya mashuka,
ikaja kukaa huku penye moshi wa shaba.

Baba yangu, fundi Kalonda, alishona barazani pao.
Bwana Kodroni aliuza amerikani, vifungo, kandili,
sabuni za kukata kwa uzi.
Sisi wawili, miaka kumi na mmoja, tulipima ardhi:
kutoka ngazi ya duka hadi kile kichuguu
ng'ambo ya reli,
hatua mia mbili na sita.
Hizo zake. Zangu mia mbili na tatu.
Naomba jambo hilo liandikwe mahali.

Mwanzoni alikimbia vibaya,
mikono hewani kama mtu aliyevamiwa na nyuki.
Baba akamtazama, sindano mdomoni:
"Mwanangu, uzi ukirukaruka hukatika. Nyoosha."
Akanyoosha.
Hakuna aliyemwita baba kocha.

Saa hatukuwa nayo. Tulikuwa na king'ora.
Kilipolia kiwandani, chini ya kile kilima cheusi
cha mavi ya shaba, tulichomoka,
na aliyegusa kichuguu kabla sauti haijafa
alikula sehemu ya mwenzake ya masuku.
Nilikula sana mwaka wa kwanza.
Mwaka wa pili tuligawana.
Wa tatu, sitaki kuueleza.

Ndipo klabu ikatangaza mbio za wasichana,
mita themanini, Jumamosi, saa tisa mchana.
Jumamosi!
Klabu haikuwahi kuandika jina la namna yake,
wala sinagogi halikuwahi kuulizwa swali la namna hiyo.
Bwana Kodroni akazungusha kofia mkononi,
akaizungusha, asiseme neno.
Ni mama mtu aliyesema, mikono ingali na unga wa burekasi:
"Mto Lubumbashi nao
nani aliuona umesimama siku ya Sabato?"

Basi alikwenda kwa miguu, mji mzima,
bila gari, bila mfuko, bila senti.
Viatu alivivaa kabisa asivibebe.
Namba saba baba aliishona tangu Alhamisi
ili siku yenyewe sindano nayo ipumzike.

Mimi lango lilinitazama ngozi, likajifunga.
Nikasimama nje ya uzio pamoja na wapishi na madereva.
Mabinti wa masista walijipanga, shingo ndefu,
na mwisho wa mstari, Zimbuli, mfupi, anajikuna goti.
Bunduki ikalia.

Sijui miguu yangu ilimwuliza nani ruhusa.
Nilikimbia nje, yeye ndani,
yeye kwenye chokaa, mimi kwenye visiki vya majani,
waya katikati yetu ukipita kama maji.
Utepe ulimkatikia kifuani.
Mimi waya ulinikata bega.

Hakurudi mpaka nyota tatu zitoke.
Baba yake alikuwa mlangoni, anazihesabu.
"Wa ngapi?"
Zimbuli akanitazama, akatazama damu.
"Sijui, papa. Wa nje hawakuhesabiwa."

Mwaka uleule barua za nyanya yake zikakoma.
Rodo ikanyamaza.
Kila asubuhi kabla ya shule alikimbia hadi posta,
akatia mkono kwenye sanduku, akautoa,
akakimbia kurudi.
Siku hizo hata mimi nisingemshika.
Niliwahi kujaribu mara moja, nikaacha pale kwenye reli,
nikamwona anapotelea kwenye vumbi,
mikono imenyooka kama alivyofundishwa,
na hapakuwa na king'ora,
wala masuku,
wala mtu wa kumshindania.