Mpishi wa Arusi

Ilitoka kwa Mohdhar wa Sparki, aliyeiuza akaoa:
kompyuta ya kuchezea mipira na vita,
vibonye vyake vyawaka rangi saba kama gari la bibi arusi.
Nzito. Ukiipakata, mapaja yapikika.

Nikafuta kila kilichokuwamo, nikatia Linux,
usiku wa Alhamisi, yuniti nne za stima zimebaki.
Ikawaka, ikanisalimu, kisha kioo kikawa cheusi ti,
na feni ikavuma
kama mtu aliyekasirika chumba cha pili
na hataki kusema kwa nini.

Ndani mna kadi mbili za michoro.
Moja ndogo, yala kidogo, haina makuu.
Ya pili ndiyo iliyomla Mohdhar pesa,
na dereva wake ametoka kiwandani mdomo umefungwa.
Yuko dereva mwengine, wa watu wa kujitolea,
waliomuunda kwa kubahatisha, kwa kutega sikio mlangoni.
Mstaarabu huyo. Ila mchezo ukianza, ahema.

Jirani yangu Zeyana akacheka: "Wake wenza hao!"
La. Wake wenza wana zamu, na zamu ni haki.
Hawa ni mama wa nyumba na mpishi wa arusi.
Mpishi wa arusi humwiti aje akuchemshie yai;
akija, huja na masufuria yake na kuni na jasho,
mtaa mzima ujue.
Nayo hii ilikuwa ikimwita kwa yai. Kwa barua.
Kwa saa ya pembeni mwa kioo.
Betri: dakika hamsini.

Siku tatu nikaandika amri gizani,
Februari, King'orani, hata ukuta watoka jasho.
Ya nne nikamzima mpishi. Kabisa.
Feni ikanyamaza.
Nikasikia friji ya Zeyana nyuma ya ukuta;
miaka sita, sikujua ina kikohozi.
Saa tano za betri! Nikazunguka nayo nyumbani bila waya
kama niliyekabidhiwa mtoto mchanga.

Jumamosi, ukumbini Tononoka.
Mwanafunzi wangu Mbodze ameunda mchezo:
kaa wa mikokoni avuka barabara ya Makupa.
Watu themanini. Televisheni pana. Nikachomeka waya.
Hakuna ishara.
Nikachomoa, nikapangusa kwa shati, nikachomeka.
Hakuna ishara.

Hapo ndipo nilipojua: tundu lile la ubavuni
limeshonewa kadi kubwa peke yake.
Mlango wa wageni ulikuwa chumbani kwa mpishi,
nami nimeufunga, ufunguo mfukoni, najisifu.

Mbodze hakunilaumu. Akasema tu, "Mwamshe."
Mstari mmoja. Nikazima, nikawasha,
watu wakijipepea kwa karatasi za ratiba.
Feni ikanguruma.
Kaa akatokea, mwekundu, mpana kama meza,
akanyoosha gando moja,
akangoja lori lipite.

Siku hizi simfungii. Amelala, nami nina neno la kumwita.
Ila kuna usiku, saa nane,
hakuna mchezo, hakuna mgeni, kioo nimekifunika,
naisikia feni yaanza, taratibu.
Nauliza: nani kakuita?
Nimesoma kila kumbukumbu ya mashine, mstari kwa mstari.
Bado sijamjua.