Mji Uitwao Mapigano

Steshenini wameliandika jina la mji bila haya:
Mapigano. Basi.
Kama mtu amzae mtoto, amwite Jeraha,
kisha amtume dukani akanunue maziwa.

Kila Jumanne namsukuma Bwana Penfold
kwenye kiti chake cha magurudumu hadi ukingo wa uwanja.
Umande haujakauka. Kondoo wanatutazama
kama makarani wa ardhi: wametuona, hawatuhudumii.

Ana daftari. Ameorodhesha humo vita kumi
vilivyoigeuza dunia, kwa penseli,
na kila wiki hufuta namba moja, hupandisha nyingine.
Leo uwanja huu umeshuka hadi nafasi ya nne.
"Usimwambie Clement," ananong'ona.
Clement, wa chumba cha pili,
hushabikia Wanormani kwa ubishi tu.

"Hapa," kidole kinatetemeka, "ukuta wa ngao.
Kule chini, farasi.
Asubuhi hadi magharibi, siku moja ya Oktoba,
na mfalme wetu hakuiona kesho."
Anasema *wetu* kana kwamba habari imefika jana
na sufuria za matanga hazijaoshwa.

Kisha ananifundisha jambo la kondoo:
akiwa hai, malishoni, Waingereza humwita
kwa neno la walioshindwa, waliomchunga;
akishafika mezani, na mchuzi,
humwita kwa neno la walioshinda, waliomla.
Miaka karibu elfu,
na mshindi bado anakula.

Nilicheka, kisha nikakaza breki ya kiti.
Maana hata mdomo wangu ni uwanja.
Nilisoma *shule*, neno la Mdachi;
alifukuzwa akalisahau mlangoni.
*Meza* niliyoandikia ilikuja na Mreno,
yeye aliyetutajia kanisa lake kwa lugha yake
nasi tukalisikia, tukalitazama,
tukasema: *gereza*.
Hatukukosea sana.

"Na kwenu Tanga, mliwahi kupigana?"
Namweleza habari za nyuki.
Novemba ya mwaka wa kumi na nne, meli za Mwingereza pwani,
askari wametolewa Bara Hindi, bado wanatapika bahari,
na katikati ya mirindimo
risasi zikapasua mizinga iliyoning'inia mitini.
Nyuki wakatoka, hawakuuliza nani wa nani.
Bwana Penfold anacheka hadi blanketi linaanguka.
Anafungua daftari. Anaandika *nyuki*,
pembezoni, bila namba.

Yaliyofuata simwambii.
Semkiwa, baba wa bibi yangu,
hakuulizwa anamtaka mfalme yupi.
Alitwishwa ratili sitini za unga wa watu wengine
akaelekezwa kusini, masika yamekolea,
tope hadi magotini, tumbo linamwendesha.
Bibi alikuwa bado mgongoni kwa mama yake.
Hakurudi. Hakuna jiwe. Hakuna orodha
ambayo mtu mwenye daftari angeweza kumfuta.

Kikosi chao cha wapagazi kilikuwa na jina la Kiingereza.
Tulilitafuna hadi likalainika,
likabaki Dar es Salaam, pale ilipokuwa kambi:
Kariakoo.
Leo ni soko. Mitumba, vitunguu, chaja za simu.
Nimepita pale mara ngapi nikigombania bei ya nyanya,
nikilitaja kaburi lake kwa kondakta:
"Shusha, Kariakoo."

Rasharasha inaanza. Nalegeza breki.
"Leo chakula cha mchana ni kondoo," anasema,
kwa lile neno la mezani, na anajua, ananikonyeza.

Mimi nina neno moja tu.
Malishoni kondoo, sahanini kondoo.
Kwetu huyu mnyama
aliwe asiliwe
jina lake analo.