Ndoo ya Saba

Lugha yetu ina neno moja kwa vifo viwili:
risasi ya bunduki, na risasi ya betri.
Ya kwanza hulia, watu wakatawanyika.
Ya pili niliiyeyusha mwenyewe
Kariobangi, nyuma ya karakana za masufuria,
miaka sita, kitambaa puani.
Ilinilipia kodi, ikaninunulia unga,
nami nikaileta nyumbani kwenye pindo la suruali.

Ndanu wangu akihesabu huiruka saba.
Tano, sita, nane.
Mwalimu alisema mtoto hasikii.
Daktari alitoa damu, akasoma karatasi,
akaniuliza kazi yangu ni ipi,
kisha akanyamaza.
Ukimya ule ndio mlio wenyewe.

Yadi ilifungwa. Tajiri alihama na mizani yake,
akatuachia udongo.

Ndipo akaja Chelagat wa chuo kikuu, buti za mpira,
amepakata mtungi kama kifungua mimba.
Ndani, maji meusi yanayonuka yai viza.
"Hawa wametoka humu humu," akasema,
"chini ya tanuri lenu. Waliizoea sumu
nyinyi mkiwa mnakohoa.
Mimi nimewazidisha tu."

Nilicheka. Mama alituchapa kwa sababu ya vijidudu:
nawa, chemsha, kwangua kucha.
Leo nalipwa kuwalisha!
Jumanne na Ijumaa, molasi, kikombe kwa ndoo,
kisha nawafunika turubai, maana hewa hawaitaki.
Mtaani wananiita Mchungaji.
"Kundi liko wapi leo, Mchungaji?"
Nawaonyesha nilipokanyaga.

"Kwani wanakula risasi?" Mama Akumu aliuliza,
fungu la sukuma kwapani.
Hapana, mama. Risasi haina wa kuila.
Wanaitemea salfa, inashikana, inakuwa jiwe
ambalo mvua haiyeyushi, mzizi haunyonyi.
Iko palepale,
kama shahidi aliyekubali kufunga mdomo.

Jibu hilo sikulipenda hata nilipolitoa.
Nilitaka iondoke. Nilitaka waibebe
punje kwa punje, waitupe mbali na jina langu.
"Ardhi si shati," Chelagat alisema, "haifuliwi."
Na haraka?
Haraka hakuna. Haba na haba
iliijaza damu ya mwanangu;
haba na haba, hawa nao wana kibaba chao.

Mwezi wa tisa tulipanda spinachi, mistari mitatu,
si ya kula. Ilinawiri, majani mapana kama kofi,
nikaona uchungu kuing'oa.
Maabara ilirudisha namba:
mstari wa kwanza, sumu imeshuka kupita nusu.
Wa pili, kidogo.
Wa tatu, ule uliopita juu ya tanuri langu,
bado.

Jumamosi Ndanu huja, husimama nje ya waya;
ndani nimemkataza.
Nilizipanga ndoo, nikamwambia anihesabie.
Alianza kwa sauti, kidole hewani,
moja, mbili, akanitazama, tatu,
nzi akatua kwenye molasi,
nne, tano, sita.
Akasita.
Nikabana pumzi kama zamani mbele ya moshi.

"Nane," akasema.

Nikaiinua ile aliyoiruka,
nikaenda nayo mstari wa tatu,
nikaimimina polepole
hadi tone la mwisho.