Herufi za Lallan

Saa kumi alfajiri, Patna haijapiga mwayo,
nasi wanne tumekwisha kuketi vitandani,
daftari juu ya goti, balbu moja,
na bili ya umeme tunayoigawa kwa nne.

Swali la kumi na saba.
Watu sita wanaizunguka meza.
Wawili kati yao hawapatani, wasikae bega kwa bega.
Namna ngapi?
Sekunde arobaini, husema mwalimu Jhunnu,
na saa yake ya mkononi haina huruma.

Mfunge mmoja kitini, asisogee,
maana duara halina kichwa wala mkia.
Waliobaki: tano mara nne mara tatu mara mbili,
mia na ishirini.
Sasa wafunge mahasimu pamoja kama mzigo wa kuni,
hesabu, wageuze, huyu kushoto huyu kulia,
arobaini na nane.
Toa.
Sabini na mbili.

Kalamu inasimama hapo,
kwa sababu hao wawili nawajua.
Ni baba na baba mdogo Ramdhani,
na kati yao tuta la mpaka, upana wa nyayo tatu,
lililohama usiku mmoja wa mvua.
Harusi ya dada Phulmati, mama na ndoo ya dengu mkononi
aliwaona wanaume sita wakilikaribia jamvi.
Akamwita mmoja aje aonje chumvi,
akampachika karani wa posta hapa, shemeji kiziwi pale,
wali ukapakuliwa,
fimbo zikabaki ukutani.
Sabini na mbili zote zilikuwepo. Mama alitaka moja tu,
na hakuna aliyempa sekunde arobaini.

"Umelala?" Lallan ananitupia ganda la kitunguu.
"Njoo kumi na nane. Wamenipanga mimi."
Kweli: herufi za jina LALLAN, maneno mangapi?
Sita kwa sita, mia saba na ishirini.
Lakini L ni tatu, gawanya kwa sita.
A ni mbili, gawanya tena.
Sitini.
Mwezi wa kwanza niliuliza kwa nini tunagawanya.
Mwalimu Jhunnu akafuta ubao kwa kiganja:
"Badilisha L hii na L ile. Nani atajua?"

Nafasi mia tatu za ukarani wa reli,
waombaji laki tisa.
Siku ya mtihani tulining'inia milangoni mwa behewa,
mashati meupe, kadi ya picha ndani ya nailoni,
na kila kituo kilitumiminia wengine kama sisi
mpaka nikashindwa kuutambua mkono wangu kwenye bomba.

Lallan alifeli kwa alama moja na robo.
Mara ya nne. Mwezi wa pili akavuka umri wa kuomba.
Alikunja godoro, akaniachia jiko la mafuta ya taa
na penseli aliyokuwa akiichonga kwa wembe,
akashuka ngazi na sanduku la bati kichwani,
hakugeuka. Au aligeuka, nami nilikuwa napiga hesabu.

Jioni ile ile kijana Ompal akachukua kitanda.
Mwenye nyumba akachungulia, akahesabu kwa kidole:
"Wanne. Sawa."
Akaenda zake.

Si sawa.
Ompal haongei namba usingizini.
Haikati saba yake tumboni kwa mstari.
Hali kitunguu kibichi kwa chumvi kama tunda.

Mwaka huu swali lilikuja tena, jina jingine,
herufi zile zile zinazojirudia.
Nilijibu inavyotakiwa. Nina njaa ya kazi kama wenzangu.
Lakini pembeni, kwenye karatasi ya rafu
wanayoikusanya na kuichoma bila kuisoma,
niliandika LALLAN,
nikazitia L zake namba, moja, mbili, tatu,
na A zake, moja, mbili,
nikapata mia saba na ishirini,
sikugawanya.