Batabukini Walirudishwa

Meli imetupa saa tatu.
Ukungu umekikata kilima kiunoni,
na Orrin, mhesabu ndege, ananikabidhi viatu vya mpira
vinavyonizidi vidole viwili.
Yeye amekuja kuhesabu viota.
Mimi natafuta mlango wa nyumba ya bibi.

Mlango haupo. Pana shimo la bomu
lililojaa maji ya mvua, na bata mwenye kifua cheupe
amelifanya bwawa lake, hana habari.
Pana vigingi vya chuma vilivyojikunja ncha;
zamani vilishika seng'enge,
sasa vimeshikwa na nyasi.

Nyasi hizi.
Bibi Fevronia alizichuma Julai,
akazianika kivulini zisipauke,
akazichana kwa ukucha wa kidole gumba
aliouacha urefuke makusudi,
hadi zikawa uzi mwembamba kama sauti ya mbu.
Kikapu kimoja, miaka miwili.
Cha mwisho kilikuwa kimefika mabegani
askari walipoteremka kilimani wakiteleza kwenye theluji,
vijana tu, wengine wakichekana kwa kuanguka,
na bunduki zikatangulia salamu.

Wakapakiwa kwenye tumbo la meli ya makaa.
Huko Hokaido walichimba udongo mweupe,
wakapimiwa wali kwa kifuniko cha kopo.
Kifua kikuu kikawaita mmoja mmoja.
Kilikwenda kijiji kizima;
waliorudi walienea kwenye mashua moja.

Na mashua haikuletwa hapa.
Gharama, alisema karani, karani wa bendera yetu wenyewe,
bila kuinua macho kwenye karatasi:
kisiwa ki mbali, watu ni wachache.
Wakashushwa kisiwa cha wenzao.
Lahaja yao ikachekwa dukani
hata bibi akajifunza kununua chumvi kwa kunyoosha kidole.

Orrin ananiita. Amepata kiota.
Batabukini mdogo, shingo nyeusi, ukosi mweupe.
Ananisimulia akihema kwa furaha:
wafanyabiashara wa ngozi walimwaga mbweha visiwani,
mbweha wakala mayai, wakala na mama wa mayai,
ikadhaniwa ndege hawa wamekwisha,
mpaka wakaonekana wachache kwenye mwamba
ambao mbweha hakuufikia.
Serikali ikawatega mbweha. Ikalea vifaranga.
Ikawabeba kwa mashua hadi visiwa vyao,
ikawavisha pete mguuni, kila mmoja na namba yake.
"Miaka mingi," anasema, "na pesa, usiulize.
Lakini tazama. Wamerudi kwao."

Natazama.
Mama ndege ananyoosha shingo, ananisonya.
Mgeni ni mimi.

King'ora cha meli.
Naung'oa unyasi mmoja. Sheria ya hifadhi
hairuhusu kuondoka na chochote;
Orrin anageuka, ghafla ana shughuli na darubini yake.
Nauzungusha kidoleni, naufunga fundo
alilonifundisha bibi nikiwa sijui kusoma.
Pete.
Namba haina.